Baka Jekundu la Mzee Simeoni

Picha nzima iligeuka, isipokuwa mtu mmoja.

Evodia alidhani kompyuta imekwama, akabonyeza tena. Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake. Unalaza negativu juu ya ubao wa taa, unaipiga kwa kamera, kompyuta inaigeuza. Cheusi kinakuwa cheupe, cheupe kinakuwa cheusi, na watu waliokuwa kama mizimu wanapata sura zao. Mama aliyekaa kwenye kigoda aligeuka. Mtoto mapajani mwake aligeuka. Nyumba ya tembe nyuma yao iligeuka. Lakini yule mwanamke mrefu aliyesimama kushoto alibaki vilevile alivyokuwa kwenye filamu: uso mweupe, meno meusi, mboni nyeupe katikati ya macho meusi.

Nje, upepo wa Singida, ambao hauna desturi ya kupumzika, ukakatika. Bati la studio liliacha kugonga. Ilikuwa saa saba mchana.

Tuseme ukweli, hili Evodia alijitakia mwenyewe. Siku mbili kabla ya hapo, mwalimu Sostenes, mstaafu wa Mungaa, alifika studio kwake Utemini na picha iliyochakaa. Pichani mama yake alikuwa ameketi, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka miwili mapajani, na pembeni yao palikuwa na baka jeupe refu kama mtu.

"Mama ametutoka mwaka jana," alisema. "Misa ya kumbukumbu ni Jumapili. Nilimuuliza maisha yake yote, hapa kwenye baka alisimama nani, akagoma kusema. Mimi nafikiri ni baba. Sijawahi kumwona, Mama Dina. Hata kwa picha."

Picha ile ilipigwa na mzee Simeoni, baba yake Evodia, enzi za kuzunguka na baiskeli kutoka Mtinko mpaka Mungaa akiwa na kamera mgongoni. Marehemu alikuwa na mpangilio. Kila negativu aliiweka kwenye bahasha yake, yenye jina na mwaka. Hii moja tu aliifungia kwenye kopo la tumbaku, na kopo akalizungushia waya wa shaba mara tatu. Mtu mwenye akili timamu akikuta kopo limefungwa hivyo na baba yake mzazi, analirudisha lilipokuwa. Evodia alichukua koleo.

Juu ya negativu palipakwa rangi nyekundu nzito. Mbinu hiyo aliijua. Mafundi wa zamani walipotaka kuficha kitu walikipaka rangi kwenye filamu, mwanga usipite, na kwenye karatasi pakatokea peupe. Akamhurumia baba yake, kwamba hakuwa na kompyuta. Yeye alikuwa nayo, na tena alipenda kuwaambia wateja kwamba mkono wake hauachi doa. Akachovya pamba kwenye spiriti, akaisafisha rangi yote mpaka ikaisha.

Kujua sana nako ni ugonjwa.

Harufu ndiyo iliyoanza. Filamu kuukuu hunuka siki, hilo kila fundi analijua, lakini siki hii haikukaa kwenye kopo. Ilihamia kwenye mapazia, ikaingia kwenye nguo za watoto wa jirani waliokuja kupiga pasipoti, ikafika hadi kwenye ugali. Ikafuata sauti ya maji, tone moja moja, kama zamani picha zilipoanikwa zikidondosha maji kwenye chumba cha giza cha baba yake. Studio ya Evodia haikuwa na bomba.

Alhamisi, Dina alirudi shule akaingia ndani akiburuza yeboyebo zake za pinki. Alikuwa na miaka saba na ndiye mtoto pekee wa Evodia, aliyempata baada ya mimba tatu kuharibika. Mkanda wa kiatu cha kulia ulikatika wiki ile, na mama yake aliushona kwa kipande cha waya wa shaba alichokuta mezani. Ndiyo, waya uleule.

"Mama, yule shangazi anasema nikasimame pale."

"Shangazi gani?"

"Wa nyuma ya pazia. Mrefu." Dina alishusha sauti. "Hajapiga mswaki. Meno yake yote meusi."

Evodia alilivuta pazia la kupigia picha, lile lenye maua ya alizeti. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na ukuta ulikuwa umelowa maji kwa urefu wa mtu mzima. Alirudi mezani, akawasha ubao wa taa, akaiangalia negativu yenyewe, siyo ile ya kompyuta. Mama na mtoto walikuwepo. Pale alipokuwa mwanamke, palikuwa na uwazi wenye umbo la mtu, filamu tupu, na taa ilipita moja kwa moja.

Alimpigia simu mtu mmoja tu aliyebaki hai kati ya waliofanya kazi na baba yake: bibi Rahabu wa Mtinko, aliyekuwa akichanganya dawa za kusafishia picha kwenye chumba cha giza kwa miaka ishirini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeliosha lile baka," alisema bibi Rahabu, hata kabla hajaulizwa. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekaa chini ghafla: "Wewe mtoto, nani alikutuma?"

Asubuhi yake Evodia alimpeleka Dina saluni ya jirani yake Anastazia, akamkalisha kwenye kiti na daftari la kuchora, akasema mtoto huyu asitoke hata kwa kwenda chooni peke yake. Kisha akakimbia stendi, bila hata kufunga studio, kumpokea bibi Rahabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye hasira usoni. Chini ya kitenge alishika chupa mbili.

"Ni jini la kwenye mabwawa ya chumvi," alisema walipofunga mlango wa studio, kwa mnong'ono, huku akichanganya rangi kwenye kifuniko. "Lilijisogeza pembeni ya yule mama wakati baba yako anapiga picha, na kamera ikalinasa. Lilipata nafasi mle ndani, likakaa. Baba yako akalifungia kwa rangi. Sasa sikiliza vizuri, maana sirudii. Nafasi ile haikai tupu. Likitoka kabisa lisirudi, lazima mtu mwingine akasimame pale lilipokuwa. Ndiyo maana linamwita mtoto. Tunapaka leo, kabla halijampata."

"Na likiwa nje tukapaka?"

"Linavutwa kurudi, mradi nafasi bado ni yake." Alimwaga utomvu mweupe kutoka chupa ya pili. "Huu wa mnyaa. Zamani hatukuuweka, na ndiyo maana pamba yako imeweza kuitoa rangi. Huu ukikauka unaingia ndani ya filamu. Anayetaka kuung'oa ataing'oa na picha. Mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo utapaka wewe. Ufumbe macho. Mnyaa unapofua, na lile likikutazama wakati unalifungia, mkono utakugoma. Fuata ukingo wa lile umbo kwa kidole."

"Sawa, bibi."

"Na litakuita. Litatumia sauti ya mtu unayempenda kuliko wote. Ukisimamisha brashi, tumekwisha."

Evodia alifumba macho kabla hata hajaitazama filamu. Aliweka kidole cha shahada pembeni ya filamu, akachovya brashi, akaanza juu. Bati lilianza kugonga ijapokuwa nje hapakuwa na upepo, na siki ikapanda mpaka koo likamwasha, na tone moja moja la maji likawa matone, likawa mchirizi unaoteremka ukutani nyuma yake na kumfikia miguuni, wa baridi, naye akaendelea kupaka, akishuka taratibu, akimsikia bibi Rahabu akisali Baba Yetu kwa kukosea maneno, na ndipo sauti ilipoanza, ndogo, ya karibu sana, siyo nyuma yake wala mlangoni bali chini ya brashi.

"Mama."

Alipaka.

"Mama, kuna giza. Mama, ni mimi. Mama, nimeogopa."

"Usisimame!" bibi Rahabu alifoka, na Evodia, machozi yakimtoka ndani ya kope alizozifumba, akaminya meno na kupaka kwa nguvu zaidi, akiichukia ile sauti kwa moyo wake wote, akiichukia kwa ujasiri wa kujifanya mwanawe, akapitisha brashi mara mbili, mara tatu, hadi ikafifia, ikawa kama mtu anayelia akiwa amefunikwa blanketi, na mwisho ikanyamaza.

Maji yaliacha kudondoka. Nje, upepo ulirudi.

"Umeweza," alisema bibi Rahabu, akikaa chini. "Simeoni mwenyewe alikaribia kusimama mara mbili siku ile."

Walifuta kila nakala iliyokuwa kwenye kompyuta. Mlango uligongwa, akaingia Anastazia akimshika Dina mkono. Evodia alipiga magoti akamkumbatia, akamnusa nywele, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Mtoto wako hana shida kabisa," alisema Anastazia. "Alitoroka mara moja tu, ulipokuwa stendi, wakati namsuka mteja. Alisema amesahau penseli studio. Hata dakika mbili hazikufika, karudi kakaa kimya, mpole huyo!"

"Viatu vyako viko wapi?" Evodia alimuuliza mwanawe.

"Nimeviacha," alisema Dina.

Furaha haiulizi maswali. Bibi Rahabu alirudi Mtinko na basi la saa tisa. Evodia alipika wali na kuku, na Dina, ambaye kwa kawaida alibembelezwa kula, akamaliza sahani, akaomba nyingine, akaomba na mifupa. Mama yake alimpiga picha kwa simu akila, ili amtumie bibi aone jinsi mtoto alivyochangamka.

Hakuituma hivihivi, maana fundi ni fundi. Alikuwa na mazoea ya kuigeuza kila picha iwe kama negativu kwanza, kwa kuwa madoa huonekana vizuri zaidi hapo. Akaigeuza. Sahani iligeuka. Wali uligeuka ukawa mweusi. Meza iligeuka, na ukuta, na kalenda ya parokia.

Dina hakugeuka.

Evodia aliilaza simu mezani kifudifudi. Kisha aliinuka taratibu, akaingia studio, akawasha ubao wa taa, akashika kioo cha kukuzia. Baka jekundu lilikuwa limekauka likang'aa. Alikuwa amelipaka kwa macho yaliyofumbwa, na fundi aliyejisifu kwamba mkono wake hauachi doa aliishia juu kidogo ya ukingo. Chini ya pale rangi ilipoishia, juu ya vumbi la Mungaa la miaka sitini iliyopita, vilitokeza viatu viwili vidogo. Yeboyebo. Mkanda wa kulia ulishonwa kwa waya.

Alichukua pamba. Alichukua spiriti. Alisugua mara moja, kwa ncha tu, pale chini kabisa, na pamba ikarudi na wekundu, na alipochungulia kwenye kioo, kiatu cha kushoto hakikuwepo. Kilikuwa kwenye pamba.

 Hakuweza kusugua, na hakuweza kuacha. Alitamka jina la mwanawe karibu sana na filamu, mdomo ukigusa kioo cha taa, akasikiliza kama kuna anayelia chini ya blanketi.

Nyuma yake, mlangoni, siki ilinuka, na nyayo tupu zilizolowa maji zilisimama kwenye sakafu.

"Mama," ilisema sauti ya Dina, kwa upole. "Unafuta nini?"