Asiye na Leseni Asikilize Tu

Jua lilikuwa linazama mjukuu wangu alipokumbuka kwamba hana penseli.

"Bibi, nakimbia dukani. Redio usiiguse."

"Nitaila? Nenda zako, mke mwenzangu."

Kesho yake asubuhi alikuwa na mtihani wa leseni ya redio, ile ya wanaoanza. Si redio ya taarifa ya habari. Ni ile ya kuzungumza, wewe hapa na mwenzako ng'ambo. Kikosi cha uokoaji kilimwahidi kazi ya kupokea miito ya dharura, mradi apate hiyo leseni, naye alishachoka kutengeneza simu za watu kibandani. Miezi miwili mimi ndiye niliyemsomea maswali. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua, hasa barua za wenzangu.

"Asiye na leseni anaruhusiwa nini?"

"Kusikiliza tu."

"Ukiitwa kwa ishara yako?"

"Naitika." Ishara ndiyo jina la mtu hewani, herufi na tarakimu. Unapewa pamoja na leseni.

Redio yenyewe tulipewa na mjane wa jirani. Mumewe, fundi redio, alikutwa kitini amekufa, kipaza sauti mkononi. Watu wakasema moyo. Mimi nilisema mengine, lakini tuyaache.

Basi nikabaki peke yangu chumbani. Redio inanguruma taratibu... shhh... shhh... kama mtu anapepeta nafaka.

Ikanyamaza.

Harufu ikanijia. Ya waya unaoungua. Na chini yake, udongo mbichi.

"...Kilo... Zulu... Kilo..."

Ndivyo herufi K, Z, K zinavyotamkwa hewani; mwanzo wa ishara hiyo siuandiki, msije mkaijaribu.

Sauti ya mwanamume. Ya upole. Kama anasemea ndani ya mtungi.

"Kilo Zulu Kilo... upo?"

Wazee walitukanya: ukiitwa magharibi na usiyemjua, usiitike. Kitabu nacho kikasema kusikiliza tu. Maonyo mawili! Lakini mdomo wangu haujapata kulala njaa. Nikabonyeza kitufe.

"Hayupo," nikanong'ona. "Wewe nani?"

"Namsubiri... Redio ya nani hiyo sasa?"

"Ya mjukuu wangu. Kesho ana mtihani. Akipata leseni utaongea naye mpaka uchoke."

Kicheko kidogo, kikavu.

"Basi nitasubiri. Mwambie, nikimwita aitike."

Nikainama nichomoe umeme.

Waya ulikuwa umekunjwa sakafuni, umefungwa kwa mpira. Haukuwa umechomekwa popote.

Mjukuu aliporudi nikajifanya nasinzia. Kisha nikajitanda khanga, mbio kwa mjane.

"Shoga, Kilo Zulu Kilo ni nani?"

Akaweka sufuria chini. "Nani kakwambia? Hiyo ilikuwa ishara ya marehemu mume wangu."

"Kuna mtu anamwita."

Hakuuliza mtu gani. Akaleta daftari ambamo fundi aliandika kila mazungumzo: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na aliyeongea naye. Kurasa za mwisho zote zilikuwa na mtu mmoja, kila magharibi.

"Huyu alikuwa rafiki yake," mjane akanong'ona. "Tulimzika miaka mitatu kabla ya mazungumzo haya. Nilimsihi mume wangu asiitike. Akaniambia sheria ni sheria, ukiitwa unaitika."

Mstari wa mwisho ulikuwa na saa ya kuanza. Saa ya kumaliza haikuandikwa.

Usiku huo nikaficha kitambulisho cha mjukuu wangu chini ya godoro langu, asiende kwenye mtihani. Kumweleza ningemwelezaje? Mimi ndiye niliyemzushia shangazi yake kifo mara mbili, na yule mama yuko hai, ananenepa. Asubuhi akapekua nyumba nzima, machozi yanamtoka. Moyo ukanisaliti. Nikakitoa.

Akafaulu.

Barua ikaja baada ya wiki tatu. Niliifungua mimi, msiulize. Ishara yake ilikuwa ile ile ya marehemu, hadi ile Kilo Zulu Kilo ya mwisho.

Mjukuu akasema ofisi ya leseni hugawa upya ishara za waliokufa, ndio utaratibu. Maelezo hayo yangenitosha... kama ile sauti isingesema itasubiri.

Akaanza kazi, zamu ya jioni. Redio ya nyumbani ikabaki nami. Kila magharibi inaita, nami naitika mimi, nimdanganye.

"Hayupo. Barua yake haijafika."

Kisha namshughulisha kwa umbea: kinyozi kafumaniwa wapi, mshonaji kagombana na nani. Anacheka kule mtungini, anaondoka. Nikajisifu kwamba nimemweza.

Jana mjukuu karudi kutoka kazini, kavua viatu mlangoni.

"Bibi, leo kuna mtu kaniita kwa ishara yangu. Sauti ya upole, kama iko mbali ndani ya kitu. Nilikuwa na mwito wa ajali, sikumjibu."

"Vizuri sana."

"Lakini kasema nikuulize..." Akanitazama. "Mbona unamwambia barua yangu haijafika?"

Sare yake ilinuka udongo mbichi.

Nikamweleza yote. Kitufe, waya, daftari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akaketi.

"Na shangazi je, safari hii kafa na nini?"

"Mwanangu, nakuomba. Usimwitike."

"Bibi, ukiitwa unaitika. Si wewe uliyenikaririsha? Kesho nitamjibu, nimwulize anataka nini."

Hiyo kesho ndiyo leo. Alitoka saa kumi, kaniachia busu la shavu. Jua limeshazama. Nimeketi mbele ya redio, kidole juu ya kitufe, umbea wa wiki nzima nimeuweka tayari.

Siku zote saa hii inaniita.

Leo imenyamaza.