Ufa Chini ya Rangi

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 1969, nilifika karakana ya Bwana Gurdial, fundi wa mashua, kabla ya saa mbili, nikajifunga aproni na kuanza kusokota pamba. Wanafunzi wote wa kidato cha tatu tulikuwa tumetumwa kazini kwa wiki mbili. Mwalimu wetu Mureithi ndiye aliyebuni jambo hilo. "Mtamaliza shule mkiwa na vyeti mkononi," alituambia, "kisha mtaanza kuuliza kazi iko wapi. Nendeni mkaione sasa." Rafiki yangu Dorca aliwahi nafasi ya ofisini, akapewa taipureta. Chelewachelewa utakuta mwana si wako: mimi nilijiandikisha wa mwisho, nikaangukia mashua. Nilinuna siku mbili nzima.

Karakana ilikuwa ufukweni, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Kazi yangu ilikuwa kukalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Unaisukuma kwa patasi butu na nyundo ya mti mpaka ufa ushibe. Bwana Gurdial alichora mstari wa chaki kwenye kila ufa. Ukiuziba, unafuta chaki, naye anajua pa kupaka rangi. "Chaki natoka, mimi naamini," aliniambia siku ya kwanza, na kweli hakuwa akiuliza zaidi.

Kufikia Ijumaa nilikuwa nimeanza kuipenda kazi ile, ingawa Dorca sikumwambia. Ulibaki ufa mmoja tu, ndani, chini ya ubao wa kukalia wa mbele. Nilikuwa nimeinama humo wakati mwenye mashua, Mzee Zacchaeus wa Seme, alipofika na wanawe wawili kuitazama. Mkubwa wao, Nicodemus, aliniona.

"Yawa! Mwanamke ndani ya mashua mpya?" alisema. "Huyu anaita maji!"

Kwetu mwiko huo ulikuwepo: mwanamke hakuingia katika mashua ya uvuvi. Wote wawili walicheka, na masikio yangu yakawaka moto. Nilitaka kutoka tu. Nikafuta chaki kwa kiganja, nikaruka nje. Ufa niliuacha mtupu.

Alasiri hiyo rangi ikapakwa. Mzee Zacchaeus aliomba ubavuni paandikwe jina, Nyar Kombewa, yaani binti wa Kombewa. "Ni mke wangu," alimwambia fundi kwa sauti ndogo. "Maji yalimchukua mwaka juzi akienda sokoni." Nilikuwa nimesimama karibu nao, nimeshika kopo la rangi, nikaukumbuka ule ufa.

Tangu saa hiyo yule mama hakuniacha. Jumamosi nilikwenda soko la Kibuye na mama yangu, nikamwona mwanamke mbele yetu, leso yake imelowa chepechepe, maji yakimtiririka miguuni. Nilishika mkono wa Mama kwa nguvu. Mwanamke alipogeuka, nikaona ni muuza samaki tu na karai lake linalovuja. Jumapili kanisani, wenzangu wakiimba, mimi nilisikia maji yakidondoka, tone baada ya tone. Nilitazama juu. Paa lilikuwa kavu na nje jua lilikuwa kali.

Chakula kilinishinda. "Aoko, una malaria?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama."

Niliogopa kusema, na niliogopa zaidi kunyamaza.

Jumatatu asubuhi nilikuta mashua imepandishwa juu ya magogo, nyavu zimo ndani tayari, na wanaume kumi wameishika ubavuni. "Harambee!" walipaza sauti. Mashua ikasogea kuelekea ziwani.

"Simameni!" nilipiga kelele. "Kuna ufa sikuuziba. Nilifuta chaki tu!"

Mashua ikasimama. Bwana Gurdial aliingia, akapitisha kisu chini ya ubao wa mbele. Ncha yake ikatokeza nje, tukaiona sote.

"Mimi naamini chaki yako," alisema alipotoka. Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Hawa watu naamini mimi. Wewe nafikiri hiyo?"

Nilikuwa nalia.

"Si nilisema?" Nicodemus alianza. Baba yake alimnyamazisha kwa mkono. Alichukua nyundo, akanipa.

"Ingia, nyathina, mwanangu. Malizia kazi yako."

"Baba, na mwiko?"

"Mwiko ni kuzama," Mzee alimjibu.

Nikaingia mbele ya macho yao wote. Nilipiga pamba mpaka ufa ukashiba, na Bwana Gurdial akaupima kwa kisu mara tatu. Kisha akanipeleka kwenye nyufa zangu zote, mmoja mmoja, tukazikagua pamoja. Jumatano rangi mpya ilipokauka, mashua ikashushwa majini. Sakafu yake ilibaki kavu.

Kabla ya kuondoka, Mzee Zacchaeus aliniita kando.

"Mashua ya abiria iliyomchukua mama wa watoto wangu ilikuwa na ufa," alisema. "Fundi aliyeiziba alijua. Alikuja kuniambia baada ya mazishi. Asubuhi ile alisimama ufukweni akamtazama akipanda, akaona aibu kusema." Akaligeukia jina lililoandikwa ubavuni. "Utafanya kazi, Aoko, ofisini au hapa, sijui. Na utakosea, maana kila mtu hukosea. Lakini ukishajua umekosea, sema watu wakiwa bado nchi kavu."

Kisha akapanda mashua yake.