Mkono wa Mhiti

Asubuhi ile Rukaya alikuta matope mabichi chini ya kucha za mkono uliokufa.

Mkono ulikuwa wa Mzee Sheldon, mwalimu mstaafu wa historia, mjane aliyeishi peke yake huko Stafford, Uingereza. Kiharusi kiliuua miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ulining'inia tu kama nguo iliyoanikwa. Rukaya, mtu wa Tanga aliyeajiriwa kumhudumia, alisimama na kitaulo, akachungulia nje. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Bibiche, Mkongomani aliyepokezana naye shifti, alikuwa ameona pia.

"Mi niliosha ule mkono saa nane usiku," alinong'ona jikoni. "Saa tisa matope iko tena. Na chumba inanuka farasi. Mi sirudi, dada."

Kweli hakurudi.

Mzee alikuwa akiandika kitabu juu ya Firauni Ramsesi wa Pili na vita vyake na Wahiti, kwenye mji wa Kadeshi. Kila alasiri alisoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha darasani, pale Firauni anapojisifu kwamba askari wake walimkimbia, naye peke yake akayashinda maelfu ya magari ya farasi.

"Uongo," alimwambia Rukaya. "Alinusurika tu. Mji ulibaki wa Wahiti."

Alhamisi alikuwa akisoma hapohapo, Rukaya akimpigia pasi mashati, mara magurudumu yakasikika yakija koridoni, mazito, ya mbao, na nyuma yake pumzi za farasi waliochoka, na harufu ya jasho na maji ya mto ikajaa chumba kizima, na ule mkono uliokufa ukainuka polepole kutoka pajani kwa mzee, vidole vikifunguka kimoja kimoja, hadi ukasimama wima baina yao wawili.

"Mwambie asome tena penye mikono iliyokatwa," kinywa cha mzee kikasema kwa Kiswahili.

Mzee Sheldon hakujua neno hata moja la Kiswahili.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alikuja Maalim Majaliwa, aliyeitwa na Rukaya, mfamasia aliyewasomea watu Kurani kufukuza majini siku zake za mapumziko. Aliushika ule mkono kwenye kiganja, akauliza, "Wewe nani?"

"Karini," kinywa cha mzee kikajibu. "Kila mtu huzaliwa na jini wake, Maalim, unajua. Mtu wangu alikuwa Mhiti. Tulivuka mto, akaangushwa matopeni. Watu wa Firauni walimkata mkono wa kulia, wakautupa kwenye lundo ili wahesabu waliouawa. Nautafuta tangu siku hiyo. Mzee huyu akawa anatutaja kila alasiri. Nikaja, nikakuta mkono hauna mwenyewe."

"Huu una mwenyewe. Mtu wako yuko kwa Mola wake. Toka."

Alisoma Ayatul Kursiy, akarudia, akarudia tena, jasho likimtiririka mpaka kwenye kanzu, na mkono ukapiga meza, ukapasua gilasi, ukamkamata Maalim ukosi, ukamvuta hadi pua yake ikagusana na ya mzee, naye hakuacha kusoma, na Rukaya akawa anasoma naye bila kujijua, mpaka vidole vikalegea na mkono ukaanguka pajani.

Mzee alifumbua macho.

"Mmemfukuza?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo, Mzee. Yamekwisha," alisema Rukaya.

Mzee alilia bila sauti. Rukaya alimfuta machozi, akidhani ni hofu.

"Wiki nzima, ukishaondoka, niliweza kufunga vifungo," alisema. "Nilishika kalamu, Rukaya. Hakunidhuru."

"Bado, Mzee."

Mzee aligeuza uso ukutani, na jioni ile alikataa chakula.

Jumamosi na Jumapili alikuja mhudumu mwingine. Rukaya hakutulia nyumbani. Mara mbili alipiga simu, mara mbili akaambiwa mzee anasoma tu, anasoma tangu asubuhi, hataki kupumzika.

Jumatatu alimkuta amesimama dirishani, akifunga vifungo vya shati kwa mikono miwili, haraka, kama kijana. Aligeuka. Alitabasamu.

"Usimsumbue Maalim," alisema kwa Kiswahili cha Tanga. "Safari hii nimekaribishwa."

Rukaya aliliita jina la mzee, taratibu, kama alivyomwamsha kila asubuhi. Akaliita tena.

Mzee hakuitika.