Karai Juu ya Dishi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia zahanati kumsaidia mama yake, aliyekuwa muuguzi pekee pale. Alifagia kibaraza, akapanga kadi za wagonjwa, na mdomo wake haukupumzika hata dakika moja. Ndiyo maana wakamwita Chiriku. Jina lake la shuleni walishalisahau.

Tangu dishi la setilaiti lifungwe juu ya paa, hakuwa na habari nyingine. Daktari wa hospitali ya mbali sasa aliwaona wagonjwa kwenye kompyuta ya mama. Fundi aliyelifunga alisema ni majaribio. Likifanya kazi vizuri, zahanati nyingine nazo zitapata. "Lakini mtu asiliguse," alionya.

Mchana mmoja Chiriku alikuta kunguru wamelichafua. Siku hiyo mpaka rangi mmoja alikuwa ameegemeza ngazi ukutani, naye yuko upande wa pili akipaka madirisha. Chiriku akapanda, akalipangusa dishi, kisha akalifunika kwa karai la bati ili kunguru wasilirudie. Alishuka akijiona mtu wa maana sana. Baadaye mpaka rangi alimaliza kazi, akaenda zake na ngazi yake.

Haukupita muda, mshona nguo wa jirani akaingia mbio na mwanawe mikononi. Mtoto alipumua kwa shida, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Mama akawasha kompyuta. Hakuna mtandao. Akazima, akawasha tena. Hakuna.

Kwa simu tu daktari asingeweza kukiona kifua cha mtoto, kwa hiyo akampigia fundi.

"Kuna kitu kimelikinga?" fundi aliuliza. "Lile lazima lione anga."

"Juu ya paa kutakuwa na nini, kaka yangu?"

"Basi limeharibika. Kesho nakuja kuling'oa."

Chiriku alichungulia nje dirishani. Alitamani kupanda kimyakimya akaliondoe karai, lakini ngazi haikuwepo. Akisema, ataonekana mharibifu. Asiposema, je? Macho yake yalirudi kwenye mbavu za yule mtoto. Mshona nguo alikuwa ameanza kulia.

Mama akageuka. "Chiriku, mbona kimya? Unaumwa?"

"Mama, ni mimi," alisema. "Nimelifunika kwa karai."

Mama hakumgombeza, hapakuwa na muda. "Kimbia kwa mpaka rangi. Mwambie aje na ngazi sasa hivi."

Chiriku alikimbia, kiatu kimoja akakiacha njiani. Mpaka rangi alikuja, akapanda, akashuka na karai. Waliisubiri kompyuta, na kila dakika ilikuwa ndefu. Hatimaye uso wa daktari ukatokea. Alitazama kifua cha mtoto, akamtajia mama dawa na kipimo chake. Jua lilipokuwa linazama, mtoto alinyonya, akalala.

Ndipo Chiriku akalia.

"Ulikosea kugusa ulichokatazwa," mama alisema, akimfuta machozi. "Lakini umesema mapema. Ungengoja kesho, tungekuwa tunaongea mengine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi anasema siku zijazo simu zenyewe zitazungumza na setilaiti, tusihitaji dishi wala ngazi. Huenda. Ila hakuna mtambo utakaoona mtu alichoficha moyoni, mpaka mwenyewe aseme."

"Sirudii, mama."

"Haya, kafuate kiatu chako. Halafu uje uongee kidogo. Kimya chako kimenitisha."