Sofa Lililoupa Mlango Mgongo

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, kazi yangu ilikuwa kukunja magodoro. Kijijini kwetu, milimani juu ya mji wa Naryn, watu wengi hawalali kitandani. Tunalala sakafuni juu ya magodoro membamba yaliyoshonwa kwa vitambaa vya rangi, na kukikucha tunayakunja na kuyapanga juu ya sanduku kubwa la mbao. Rundo hilo tunaliita juk. Letu lilikaribia kufika darini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na magodoro mapya kumi na mawili ambayo mama alimshonea dada yangu Ayperi ya kwenda nayo kwa mumewe siku atakapoolewa.

Juk lilikaa kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Juu yake ilining'inia nguo aliyoitarizi marehemu bibi. Hapo mbele ya juk ndipo penye tör, yaani mahali pa heshima. Mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote hukaa pale, mgongo kwenye magodoro na uso mlangoni. Sisi watoto tulikaa karibu na mlango, penye jiko na samawari. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikuwahi kujiuliza kwa nini iwe hivyo.

Jumamosi ninayoisimulia, watu wa Kubat, mpenzi wa dada yangu, walikuwa wanakuja kumvisha Ayperi hereni. Kwetu, msichana akishavishwa hereni na bibi au mama wa mvulana, amechumbiwa. Asipovishwa, yote yaliyosemwa hubaki maneno tu. Ayperi na Kubat walikuwa wameisubiri siku hiyo kwa miaka miwili, tangu waliposomea uuguzi pamoja. Wiki ile nzima dada alikuwa hashiki kitu bila kukiangusha. Tulipoteza bakuli mbili na kifuniko cha birika.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ya pembeni. Watu wa Kubat walikaa mji mkuu, ghorofa ya saba. Niliiona picha ya sebule yao kwenye simu ya dada: ukuta mweupe, sofa, meza ndogo, basi. Nilipoinua macho nikaona magodoro yetu yamerundikana kama ghala la pamba, mazulia ya sufu yamebanana, pazia zito limeziba dirisha. Niliona aibu. Nikajiambia wale watu wakiingia humu watatucheka, na wakitucheka, hereni zitarudi mjini.

Asubuhi ya Jumamosi mama na Shangazi Gulsun, jirani yetu, walikuwa jikoni kwa nje wakipika nyama na kukaanga maandazi. Baba alikwenda barabara kuu kuwapokea wageni. Ayperi alikuwa nyumbani kwa dada yake baba akisukwa nywele.

"Begayim," mama aliniita, "chumba ni chako leo. Fagia, tandika, panga. Ukimaliza niite nione."

Nilifagia, na kwa kweli nilifagia vizuri. Kisha nikalishusha pazia, jua likaingia. Mpaka hapo sikuwa na kosa. Lakini mwanga ule ulinipa kichwa. Nilibeba magodoro yote, moja moja, nikayapeleka stoo. Nikaiteremsha nguo ya bibi. Nikaviringisha mazulia, nikabakisha moja tu. Nikaliweka sofa la chumbani kwa wazazi juu ya blanketi, nikaliburuta mpaka katikati ya chumba, nikalielekeza dirishani ili wageni waione milima. Mgongo wake ukawa mlangoni. Mbele ya dirisha nikaweka meza, na huku na huku nikapanga viti vya Shangazi Gulsun, ambavyo nilivichukua bila kumwambia.

Nilirudi nyuma nikatazama. Chumba kilikuwa kama ile picha. Nikakohoa, na kikohozi changu kikanirudia kutoka ukutani. Hata hivyo sikumwita mama. Nilijua angesema nini.

Honi ya gari ndiyo iliyomleta. Aliingia anafuta mikono kwenye aproni, akakwama kizingitini.

"Juk liko wapi?"

"Stoo."

"Stoo," alirudia polepole. "Wageni wako getini, na juk liko stoo. Nani kakutuma?"

Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa mfupi, neno moja tu. Lakini nilimwangalia mama usoni nikaogopa.

"Ayperi," nikasema. "Alisema watu wa mjini hawapendi vitu vingi."

Mama alifumba macho. Shangazi Gulsun akachungulia nyuma yake, akaviona viti vyake, akaguna. "Hakuna muda wa kuuliza," alisema. "Wameshashuka."

Wageni walikuwa watatu: mama yake Kubat, mjomba wake aliyeitwa Turat, na bibi yake, Bibi Sayrakan, mfupi, mnene, kilemba cheupe kichwani na mkongojo mkononi. Hereni zilikuwa kwake. Nilijua, kwa sababu alikuwa ameshika leso iliyofungwa fundo.

Bibi aliingia, akasimama. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mbele, na pale hapakuwa na kitu ila msumari.

"Nikae wapi?" aliuliza.

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mzee akiuliza hivyo nyumbani kwetu. Baba alitazama ukuta mtupu, akatazama viti. Mwishowe akaonyesha sofa.

Bibi alikaa, akazama. Miguu yake haikugusa sakafu. Meza ilikuwa mbali, hata mkate hakuufikia mpaka mkwewe ampe. Kila mlango ulipofunguliwa ili sahani ziingizwe, upepo ulimpiga shingoni, naye aligeuka kwa taabu kuona nani anapita nyuma yake. Wengine walikaa kwenye viti, wote wametazama dirisha, hakuna aliyemtazama mwenzake, kama watu wanaosubiri daktari. Mjomba Turat alitoa mzaha kuhusu barabara yetu. Sauti yake iligonga kuta ikarudi, na mzaha ukawa umeshapoa. Kila kijiko kilisikika.

Mama alishindwa kuvumilia. "Mtuwie radhi," alisema, akijaribu kucheka. "Ayperi wetu alitaka leo tukae kimjini mjini."

Mama yake Kubat alimgeukia Bibi Sayrakan. Bibi alimwinamia mkwewe akamnong'oneza. Kama kungekuwa na mazulia na magodoro, mnong'ono ule ungeishia sikioni mwa mkwe. Lakini chumba kilikuwa kitupu, nacho kilitugawia sote kila neno.

"Anayeitupa nje tör ya baba yake, ya kwangu ataipeleka wapi?"

Nyuma ya mlango Ayperi, aliyekuwa amesharudi kusukwa, alikuwa amesimama na gauni lake jipya. Alisikia. Nilipotoka kuchukua sahani, alinishika bega.

"Mimi? Kwa nini mama kasema ni mimi?"

"Sijui," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, jambo lililoniogopesha zaidi. Machozi yalimlengalenga dada, naye alikuwa akijizuia yasiharibu wanja.

"Begayim, chai," baba aliita.

Kumimina chai ilikuwa kazi yangu. Kwetu mgeni hamjazii kikombe. Unamtilia kidogo, chini ya nusu, akimaliza unamtilia tena, na tena, ili ajue kwamba unapenda aendelee kukaa. Kikombe kikijaa mpaka juu, maana yake ni moja: kunywa uende. Hata mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Mimi nililijua vizuri sana.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile leso juu ya goti la Bibi Sayrakan. Nilikuwa nikiwaza, asiirudishe mfukoni, tafadhali asiirudishe mfukoni, na mkono ukasahau birika. Nilipozinduka, kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na tone moja lilikuwa likiteremka ubavuni. Nami nilikuwa nimeshakinyoosha mbele yake.

Hakukipokea. Alikitazama, akanitazama.

"Haya," alisema taratibu. "Tumeambiwa." Alitia leso mfukoni, akautafuta mkongojo. "Turat, mwanangu, niinue. Twende kabla barabara haijaganda."

Mama alikuwa mweupe kama unga. Baba alisimama. Nyuma ya mlango nilisikia kitu kikianguka, na sikuhitaji kuuliza nani kakiangusha.

"Bibi, ni mimi," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini chumba kiliikuza. Wote waligeuka.

"Ni mimi niliyetoa juk. Mazulia, sofa, vyote mimi. Dada hakuwepo, alikuwa anasukwa. Mama aliponiuliza nikamsingizia. Na chai sikukusudia, nilikuwa naiangalia leso yako. Usiondoke na hereni, Bibi. Dada hajakosa kitu."

Nilitamani sakafu inimeze. Bibi Sayrakan, ambaye mjomba alikuwa ameshamwinua nusu, alijiachia akazama tena kwenye sofa.

"Na kwa nini ulitoa, we mtoto?"

"Niliona picha ya nyumba yenu. Niliogopa mtatuona washamba."

Mjomba Turat alitazama juu ili asicheke. Bibi hakucheka.

"Sofa kama hili nimelikalia miaka minne kwa mwanangu," alisema. "Ghorofa ya saba, siketi na mtu, naketi na ukuta. Nimesafiri kwa saa tano, magoti yananiuma, ili leo nikae chini niegemee magodoro ya watu. Na wewe umenifuata na sofa mpaka huku milimani."

Hapo mjomba alishindwa, na mama yake Kubat naye akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi alinipa mkono nimvute, akasimama, kisha akanisukuma nikakaa mahali pake.

"Unaona nini?"

"Dirisha. Milima."

"Mama yako unamwona?"

"Hapana."

"Mlango?"

"Uko nyuma." Wakati uleule mtu akaufungua, upepo ukanipiga shingoni, nami nikageuka haraka kutazama ni nani. Alikuwa Ayperi, wanja umeshamharibika.

"Umeona ulivyoshtuka?" alisema Bibi. "Mzee ukimkalisha hivi, anashinda ameshtuka. Pale kwenye tör anawaona wanaoingia, anawaona wanaokula, na upepo haumfikii. Ndiyo maana tunamweka pale, hatumweki kama pambo. Si kila cha zamani kibaki. Hilo pazia uliloondoa, liacheni vivyo hivyo, nimeupenda mwanga. Lakini siku nyingine ukitaka kupanga chumba, kwanza kaa wewe mwenyewe kila mahali utakapomkalisha mtu. Kaa mpaka ujue anaona nini na anasikia baridi wapi. Ndipo upange."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi inuka. Lete magodoro."

Sijawahi kuona wageni wakifanya kazi namna ile. Mjomba Turat alilibeba sofa na baba. Mama yake Kubat na Shangazi Gulsun walitandika mazulia. Mimi na Ayperi tulikimbia stoo na kurudi, magodoro kichwani, naye kila tulipopishana alinifinya mkono. Nilistahili. Juk likapanda tena, na Bibi Sayrakan alisimama mbele yake akitoa amri kwa mkongojo: jekundu chini, la kijani juu yake, lile limepinda. Alipofika kwenye yale kumi na mawili mapya alipapasa mishono ya mama kwa muda mrefu. Nguo ya marehemu bibi ikarudi kwenye msumari wake.

Alipokaa kwenye tör, chumba kilibadilika. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Sauti zilitulia, watu wakasogeleana, magoti yakagusana kando ya kitambaa cha chakula tulichotandika sakafuni. Mjomba Turat alirudia ule mzaha wake wa barabara, na safari hii baba alicheka mpaka akakohoa.

Kisha Bibi akatoa leso mfukoni, akaifungua fundo kwa meno. "Msichana," alimwambia Ayperi, "njoo nikuone masikio." Hereni zilikuwa za fedha, za zamani, nzito kidogo. Ayperi alilia tena, na safari hii hakuna aliyejali wanja.

Mama alinivuta jikoni. Nilijua zamu yangu imefika.

"Chumba ulichokosea, tumekipanga upya kwa nusu saa," alisema. "Ningekukaripia kidogo, jioni tungecheka. Lakini neno moja ulilonijibu mlangoni lilikuwa linamnyima dada yako mchumba, naye hajui hata kosa lake. Nikikuuliza kitu, nijibu kilichotokea. Hata kama nina hasira. Hasa kama nina hasira. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Na viti vya Gulsun utavirudisha mwenyewe. Utamwambia mwenyewe."

Nilikaa penye samawari, karibu na mlango, mahali pangu pa kila siku. Kwa mara ya kwanza niligundua kwamba ukiwa pale unaona vikombe vyote. Nilitia chai kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, mpaka milima nje ya dirisha ikawa ya buluu na maandazi yakabaki matatu.

Jua lilipokaribia kuzama, mjomba alitoka kuwasha gari. Wanawake walianza kujifunga vilemba. Bibi Sayrakan alibaki ameegemea juk, hana haraka. Alinyoosha kikombe chake kupitia mikono ya watu wanne mpaka kikanifikia.

"We mpangaji wa vyumba," alisema, "sasa nijazie mpaka juu."

Nilimjazia mpaka ukingoni, na safari hii hakuna tone lililomwagika.