Kahawa Iliyopandwa na Sasheti Zake

Kila asubuhi huko Kalunguta, Emérence alikunywa chai, akachukua jembe, akaenda kuangalia kahawa yake. Mume wake, Apollinaire, alimfuata polepole kwa sababu ya magoti. Walikuwa wamezeeka. Shamba lile lilikuwa tegemeo lao la uzeeni, na lingine hawakuwa nalo.

Mwaka wa tatu kahawa ilipaswa kutoa maua. Lakini majani yaligeuka ya njano, na miti ilikuwa mifupi bado.

"Baba Delphin, banatuloga?" Emérence alimuuliza mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Hapana sema vile. Tuite agronome."

Agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, alikuwa Rachida, binti wa wafanyabiashara wa Beni. Aling'oa mti mmoja. Ulitoka kirahisi mno. Mizizi ilikuwa imejikunja ndani ya sasheti nyeusi ya plastiki, ile ile waliyoinunua pamoja na mche.

"Mama, mulipanda na sasheti yake?"

"Ndiyo. Mama yangu alikuwa anapanda na kifuko yake. Yote inaingia mu udongo."

"Kifuko ya nini?"

"Ya maganda ya mugomba, ile ya kukauka."

Rachida aliweka mti chini. Alimhurumia.

"Mama, ya mugomba inaoza. Mizizi inapita, na kifuko inageuka mbolea. Sasheti ni plastiki, haiozake. Mizizi inakosa njia, inazunguka tu mupaka muti inakufa."

"Lakini ju ya nini banaiuzisha mu sasheti?"

"Ju iko nguvu ku safari, na inachunga maji. Lakini siku ya kupanda, unaipasua, unaitoa yote. Hapana kuichoma, moshi yake iko mubaya. Hapana kuitupa mu muto."

"Na hii yetu, itapona?" Apollinaire aliuliza.

"Hapana, papa."

Emérence aliketi chini, akalia kama msibani. Kila mti aliupanda kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Waling'oa miti yote, wakaanza upya. Waliotesha mbegu ndani ya maganda makavu ya mgomba. Walimwagilia mara nyingi, kwa sababu maganda hukauka upesi kuliko plastiki. Mvua zilipokuja, walipanda kila mche na kifuko chake. Miche ilishika vizuri, ikatoa majani ya kijani.

"Imeshika, Baba Delphin."

Apollinaire alisugua magoti yake. Kungoja tena miaka mitatu!

"Hii ni ya batoto," alisema. "Siye, basi."

Emérence aliinama. Alikuwa anakusanya sasheti za zamani katika gunia, na hakujua gunia hilo atalipeleka wapi. Alikung'uta udongo kwenye sasheti moja, akaitazama. Ilikuwa nzima, kama siku walipoinunua.