Uzi Mweupe Bustanini

Nani alihamisha nyuzi? Ugomvi ulianzia hapo, na msinibishie, maana mimi jirani nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na masikio yangu husikia hata mchwa akitafuna.

Fundi cherehani alihamia nyumba ile na mkewe na binti yao wa miaka sita. Bustani waliikuta msitu. Fundi hajui magugu, ndago wala mbigili, anajua pindo na vifungo. Basi jioni kila mke alipotaja mmea wa kung'olewa, yeye aliufunga uzi mweupe, kama anavyotia alama pa kukata kwenye kitambaa. Asubuhi akang'oa kila chenye uzi.

Mkewe alipotoka na chai, kikombe kilimponyoka.

"Umeng'oa mrehani wangu! Na pilipili! Na mchaichai niliokuja nao kwenye kopo!"

"Vyote vilikuwa na uzi."

"Nani kaufunga?"

"Si wewe uliyenionyesha? Macho ulikuwa umeyaacha jikoni?"

Walitukanana mpaka kuku wangu wakaacha kutaga. Magugu yote yalikuwa yamesimama vilevile, bila uzi hata mmoja.

Jioni fundi akayafunga magugu tena, kwa fundo lake la mara mbili ambalo hata mimi, fundi wa mafundo, silifungui. Anafunga huku analaani. Kesho yake adhuhuri, bustani haina mtu, ukasikika mlio: pruchu... pruchu... mizizi inang'oka. Harufu ya udongo mbichi ikaingia ndani, ikapita sebuleni, ikatulia chumba cha mtoto.

Mtoto alikuwa kitandani. Kwenye kifundo cha mguu, uzi mweupe.

"Mama," akanong'ona, "kuna mtu ananivuta polepole. Anasema mizizi yangu bado michanga."

Fundi akaleta mkasi, ule unaokata jinzi mikunjo minne. Ukateleza, uzi haukukatika. Akaurusha ukutani kwa hasira.

Wakamwita bibi wa dawa za miti. Akazunguka bustani akiyataja magugu kwa kidole: "Ndago. Kongwe. Mbigili huu." Penye ukuta wangu akasimama mbele ya mmea wa kimo cha goti, majani meusi, hauna vumbi wala mdudu.

"Huu siujui," akasema, na sauti ikamshuka. "Mwanangu, huu umeufunga uzi?"

"Kila jioni."

"Na asubuhi uliukuta nao?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Basi huyu ndiye mwenye bustani. Naye anapalilia. Kwekwe zake ni nyinyi, na alama umemfundisha mwenyewe. Usiuguse mpaka mtoto..."

"Nisiuguse? Nyumba yangu, mwanangu, halafu shetani aje kunichagulia?"

Akaushika mmea shinani kwa mikono miwili akavuta, na huko ndani mtoto akapiga yowe, "Baba, nywele zangu!", na fundi akalisikia yowe hilo lakini hasira ilikuwa imemziba, akazidi kuvuta, na udongo ukafura kama tumbo linalopumua, na bibi akimpiga mgongoni kwa fimbo auachie, na mama mtu akakimbilia chumbani akamkuta mtoto amening'inia nusu nje ya kitanda, nywele zimesimama kuelekea dirishani kana kwamba ngumi imezikamata, naye akaangukia ule mguu akauuma uzi kwa meno, kama mumewe anavyouma nyuzi zake kila siku, akauma mpaka ufizi ukatoka damu, mpaka ukakatika.

Mmea ukang'oka. Fundi akaanguka chali nao. Kwenye ncha ya mzizi zilikuwa nyuzi za kila rangi, nyekundu, buluu, nyeusi, na kila moja ina fundo lake, la mkono tofauti, mikono ya waliokaa hapo kabla yao.

Waliuchoma palepale. Moshi wake ulinuka nywele.

"Tumemtoa," bibi akasema, akaondoka bila kunywa hata maji.

Wiki ikapita. Mtoto alicheka, alikula, fundi akamwomba mkewe radhi, jambo ambalo sikutegemea kulisikia maishani.

Jumamosi mchana fundi alisikia pruchu, pruchu, akatoka mbio. Alikuwa ni binti, amechuchumaa, anang'oa ndago kwa vidole vyepesi kama mtu aliyezeeka kwenye kazi hiyo. Bustani nzima ilikuwa safi. Penye ukuta tu alikuwa amebakiza kichipukizi kimoja, majani meusi.

Fundi akanyoosha mkono.

"Acha, baba," mtoto akasema bila kugeuka. "Huu usiung'oe. Huu ni mimi."